Kumlea Chipukizi wa Sataranji Dar es Salaam Hadi Mashindano ya Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu na vijana wa Dar es Salaam wanaotaka kujua mtoto anayependa sataranji anawezaje kukuzwa hadi akakabiliana na wenzake wa mataifa mengine. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali nayo hayalingani kwa uzito.

Je, kweli mtoto wa hapa anaweza kufika ngazi ya dunia?

Anaweza, na hatulazimiki kwenda mbali kutafuta ushahidi. Amon Simutowe wa Zambia, nchi tunayopakana nayo, alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20 mwaka 2000, na baadaye akawa grandimasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji. Kenny Solomon, aliyekulia Mitchells Plain huko Cape Town, alipata cheo hicho baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika mjini Windhoek mwaka 2014. Kaskazini mwa bara hili Misri ilimtoa Ahmed Adly, bingwa wa dunia wa vijana wa mwaka 2007, kisha Bassem Amin, Mwafrika wa kwanza kuvuka kiwango cha alama 2700 kwenye orodha ya dunia, ambayo tunaieleza hapo chini.

Mfano unaotufaa zaidi, kwa maoni yetu, ni India. Nchi hiyo ilimpata grandimasta wake wa kwanza, Viswanathan Anand, mwaka 1988 tu. Leo ina zaidi ya 80, na Desemba 2024 Gukesh Dommaraju wa Chennai alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18. Watu wengi hutaja vipaji wanapoieleza hadithi hiyo. Sisi tunaona kwamba kilichofanya kazi kubwa ni wingi wa mashindano: mtoto wa Chennai anapata mchezo mzito dhidi ya mpinzani mgumu karibu kila anapoutafuta, bila kuvuka mpaka wa nchi. Tanzania haijapata grandimasta, na hatudhani sababu ni uhaba wa akili.

Basi ni kitu gani hasa kinachowakwamisha watoto wetu?

Ni uchache wa michezo mirefu. Mashindano mengi ya ulimwenguni kwa vijana huchezwa kwa dakika 90 za kuanzia kwa kila mchezaji, pamoja na sekunde 30 zinazoongezwa kila anapocheza hatua, hivyo mchezo mmoja unaweza kuchukua saa nne. Hapa jijini, ukumbi hupatikana kwa siku moja, Jumapili asubuhi ni muda wa ibada, watoto wanatoka Mbagala, Tegeta na Kigamboni na lazima warudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo waandaaji huchagua michezo ya dakika 10 au 15 ili raundi zote ziishe kabla ya jioni. Hatuwalaumu, maana tumeshafanya vivyo hivyo. Lakini mtoto aliyelelewa kwa michezo ya dakika 10 hucheza kwa mazoea ya dakika 10 hata anapopewa saa nzima.

Tazama karatasi moja ya hatua tuliyoikagua, ya binti wa miaka 11 aliyekuwa akicheza mchezo mrefu kwa mara ya kwanza na aliyeelekezwa aandike dakika zilizobaki kando ya kila hatua. Kwenye hatua ya 20 saa yake ilisoma dakika 94, yaani alikuwa na muda mwingi kuliko aliokuwa nao alipoketi. Kwenye hatua ya 22 alipoteza farasi kwa shambulio la hatua mbili ambalo, tulipomwonyesha baadaye, alilitambua mara moja. Kwenye hatua ya 23 saa ilisoma 81: alianza kufikiri farasi alipokwisha kwenda. Kasoro hii hairekebishwi kwa nasaha. Hurekebishwa kwa kucheza michezo mirefu mingi, kuiandika yote, na kuketi na mtu kuipitia.

Kwa sababu hiyo, klabu inayotaka kutoa wachezaji wa dunia ingefanya vizuri kuyagawa mashindano ya michezo mirefu katika Jumamosi kadhaa, raundi moja au mbili kwa siku, badala ya kulazimisha raundi saba ziishe kwa siku moja. Zawadi ni ndogo na picha za kutuma ni chache, lakini mtoto anapata kitu.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Anand alifundishwa na mama yake akiwa na miaka 6, na Gukesh alianza akiwa na miaka 7. Umri huo ni mzuri kwa sababu mtoto ameshajua herufi na namba za kutaja miraba. Aliyeanza akiwa na miaka 11 au 12 bado anaweza kuwa mchezaji hodari na hata kuliwakilisha taifa, ingawa njia ya kufikia vyeo vya juu kabisa inazidi kuwa nyembamba.

Mtoto wangu ni hodari wa drafti au bao. Je, hilo linasaidia?

Linasaidia kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mchezaji wa bao la kete anazoea kuhesabu namna kete 64 zitakavyozunguka kwenye mashimo 32 kabla hajagusa hata moja, na mchezaji wa drafti wa barazani anajua kutoa kete moja ili ale mbili. Uwezo huo wa kuona mbele bila kusogeza kitu ndio wachezaji wa sataranji hulipia walimu ili waupate. Kinachotakiwa kuachwa ni maneno: barazani mchezaji humkejeli mwenzake na watazamaji hushauri, ilhali kwenye sataranji kufanya hivyo ni kosa la kinidhamu na mwamuzi anaweza kutoa adhabu.

Kiwango cha FIDE ni nini, na hupatikanaje?

FIDE ni shirikisho la sataranji la dunia, lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Kila mchezaji aliyesajiliwa kupitia chama cha taifa lake hupewa namba ya utambulisho, na akicheza mashindano yaliyoandikishwa hupimwa kwa kiwango cha namba ambacho hutangazwa upya kila mwezi. Ili kuingia kwenye orodha ya michezo mirefu anahitaji angalau michezo 5 dhidi ya wapinzani ambao tayari wana viwango, na tangu mwaka 2024 hakuna kiwango kinachotangazwa kilicho chini ya 1400. Michezo ya kasi ina orodha zake yenyewe, na alama za kwenye programu za simu hazihusiani kabisa na hizi.

Hesabu yake ni rahisi kuielewa kwa mfano. Mchezaji aliyezidiwa alama 200 hutarajiwa kupata takriban robo ya pointi kwa kila mchezo, kwa usahihi zaidi 0.24. Kijana aliye chini ya 2300 hukokotolewa kwa kizidishio cha 40 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 18. Kwa hiyo akimshinda mtu anayemzidi alama 200 anaongeza alama kama 30, na akishindwa anapoteza zisizozidi 10. Ndiyo maana tunawasihi wazazi wasiwafiche watoto wao katika makundi rahisi ili warudi na vikombe.

Kuna tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Watoto wa jiji moja wakicheza wao kwa wao mwaka mzima na wote wakaimarika kwa pamoja, alama huzunguka mle mle, huyu akimnyang'anya yule, na orodha haionyeshi kwamba wote wamepanda. Kijana wa 1500 aliyetoka katika mazingira kama hayo anaweza kucheza kwa nguvu ya 1800. Akienda Nairobi au Kampala huwashangaza wenyeji, na hapo ndipo kiwango chake kinapokaribia ukweli. Kwa hiyo safari ya basi kwenda mashindano ya jirani huwa na faida kubwa kuliko vikao vingi vya mafunzo.

Vyeo hupatikanaje, na kwa nini ni vigumu kuvipata tukiwa nyumbani?

Vyeo viwili vya mwanzo, mgombea wa umasta na masta wa FIDE, hupatikana kwa kufikia viwango vya 2200 na 2300. Cheo cha masta wa kimataifa kinadai kiwango cha 2400 na cha grandimasta 2500, na juu ya hapo mchezaji lazima apate matokeo maalumu ya kustahili, ambayo wachezaji huyaita nomu, yatakayojumlisha angalau michezo 27. Kwa kawaida hizo ni nomu tatu.

Ugumu umejificha katika masharti ya nomu yenyewe. Ya grandimasta hutaka mtu acheze kwa nguvu ya 2600 katika mashindano ya raundi 9 au zaidi, theluthi moja ya wapinzani wake wawe magrandimasta, na kwa kawaida wapinzani hao watoke katika mataifa mengine yasiyopungua mawili. Hata kama kesho angejitokeza Temeke kijana mwenye uwezo huo, hapa nchini hana wa kucheza naye ili aupate ushahidi. Lazima ama yeye asafiri, ama wenye vyeo walipiwe waje, na njia hii ya pili hutumiwa na nchi nyingi kwa sababu nafuu yake inawafikia vijana kadhaa kwa wakati mmoja.

Ipo njia nyingine, ya ubingwa wa kanda na wa bara, ambako mshindi anaweza kupewa cheo moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwa Solomon. Siku hizi kanuni zinadai pia mshindi awe amefikia kiwango fulani cha chini, hivyo njia hii haimwondolei mtu kazi ya kupanda kwenye orodha.

Nyumbani afanye mazoezi gani?

Watoto wengi hutaka kujifunza mitego ya mwanzo wa mchezo, hasa ule wa kumpeleka malkia h5 na askofu c4 ili wamalize mchezo kwenye mraba wa f7 kwa hatua nne. Mtego huo hushinda michezo mingi ya shuleni. Dhidi ya mpinzani aliyefundishwa, askari mmoja anasogezwa g6, malkia anaanza kukimbizwa, na aliyeshambulia anajikuta nyuma kwa maendeleo ya kete zake.

Sisi huanzia mwisho. Weka ubaoni mfalme mweupe kwenye e6, askari mweupe kwenye e5, na mfalme mweusi kwenye e8, kete nyingine zote zikiwa zimeondoka. Mweupe anashinda, iwe ni zamu yake au si zamu yake, kwa sababu mfalme wake ametangulia mbele ya askari na amefika mstari wa sita. Sasa badilisha kidogo: mfalme mweupe d6, askari e6, mfalme mweusi e8, na zamu iwe ya mweusi. Mweusi akienda d8, askari akasogea e7 kwa shaha (yaani akimtishia mfalme), mfalme mweusi akarudi e8, mweupe hana la kufanya: akimwacha askari analiwa, akimlinda kutoka e6 mfalme mweusi hana pa kwenda na mchezo ni sare. Lakini katika mpangilio huohuo zamu ikiwa ya mweupe, e7 inashinda. Mtoto aliyeelewa tofauti hiyo kwa kuicheza mwenyewe, mara nyingi na kwa pande zote mbili, anajua pia ni lini akubali kubadilishana kete hatua 20 kabla ya kufika hapo, na ni lini akatae.

Baada ya hapo, mafumbo ya hatua mbili au tatu kila siku kwa nusu saa, yatatuliwe kwa macho bila kugusa kete, na jibu liandikwe kabla ya kuangaliwa. Ufunguzi mmoja kwa weupe na majibu mawili kwa weusi unatosha hadi kiwango cha 1800 au zaidi. Na michezo yake mwenyewe, hasa aliyoshindwa, aipitie kwanza bila kompyuta, aandike alikuwa akifikiri nini, ndipo aulize injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza sataranji.

Je, simu na intaneti havitoshi?

Vinasaidia sana, na tovuti ya Lichess haitozi kitu chochote, jambo ambalo ni neema kwa familia inayopima bando kwa siku. Mtoto wa Tandale anaweza usiku huu kupata mpinzani wa Brazil. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni michezo ya dakika tatu, ambayo huburudisha na kumzoesha mtoto kubahatisha. Tunapendekeza isizidi kiasi kidogo cha muda wake, na akicheza mtandaoni achague dakika 15 na kuendelea. Ya pili ni kuitegemea injini. Stockfish inayopakuliwa bure inamshinda bingwa wa dunia, na mtoto anayeiuliza kila baada ya hatua hujifunza majibu bila kujifunza kuyatafuta. Akiitumia katikati ya mchezo, huo ni udanganyifu, na akaunti hufungwa.

Afunge programu na aende kwenye ubao halisi angalau mara mbili kwa wiki. Macho yaliyozoea kioo cha simu hukosa mambo kwenye ubao wa mezani.

Tunahitaji mwalimu mwenye cheo kikubwa?

Si mwanzoni. Phiona Mutesi wa Kampala alifundishwa na Robert Katende katika mtaa wa Katwe, mahali ambapo watoto walivutwa pia na uji, na mwaka 2012 alipata cheo cha mgombea wa umasta kwa wanawake kupitia Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul. Mwalimu wa kwanza anatakiwa awe mtu anayejua kanuni barabara, anayekuja kila wiki bila kukosa, na anayeweza kumwacha mtoto afikiri bila kumkatiza. FIDE hutoa mafunzo na vyeti kwa wakufunzi wa ngazi mbalimbali, na mwalimu wa shule anaweza kuanzia ngazi ya chini. Mtoto akikaribia 1900 au 2000 ndipo mwalimu mwenye nguvu kubwa anapokuwa wa lazima, na hapo mafunzo kwa njia ya mtandao hufaa kwa sababu mwalimu wa aina hiyo huenda akawa nchi nyingine.

Gharama ikoje?

Ubao wa kukunja, seti ya kete za plastiki na daftari si ghali. Saa ya sataranji ndiyo inayogharimu zaidi, na klabu inaweza kununua chache zikatumiwa kwa zamu. Fedha nyingi huenda kwenye nauli, malazi na ada za mashindano. Katika ubingwa wa dunia wa vijana, kwa kawaida kila nchi hupewa nafasi ya mchezaji mmoja kwa kila kundi la umri ambaye malazi na chakula chake hulipwa na mwenyeji, kwa hiyo ubingwa wa taifa wa umri husika una thamani ya fedha halisi. Wazazi wasome waraka wa mashindano kwa makini, kwa kuwa mzazi anayeandamana na mtoto hujilipia.

Hata kwa mabingwa haikuwa rahisi. Baba yake Gukesh, ambaye ni daktari, alisimamisha kazi yake ili asafiri na mwanawe, na mama akabaki kuwa mtegemewa wa familia. Hatumshauri mzazi yeyote afanye hivyo; tunalitaja ili mtu asidhani kwamba wenzetu walibebwa.

Vipi kuhusu shule na mitihani?

Ratiba ya klabu yetu hupungua kwa wanaojiandaa na mtihani wa darasa la saba, unaofanyika Septemba, na wa kidato cha nne, unaofanyika Novemba, kisha likizo za Juni na Desemba hutumika kwa kambi na michezo mirefu. Gukesh aliacha masomo ya kawaida baada ya darasa la nne. Kwa mazingira yetu tunaupinga uamuzi huo waziwazi, hasa kwa kuwa elimu yenyewe inaweza kufungua mlango wa sataranji: Simutowe alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas kwa ufadhili uliotokana na mchezo huu, kisha akaendelea Oxford.

Je, wasichana wana nafasi sawa?

Wanaweza kuingia kundi la wazi na lile la wasichana, na vipo vyeo vya wanawake vinavyoanzia kiwango cha 2000. Judit Polgar wa Hungaria alicheza zaidi na wanaume, akawa grandimasta mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na alifika nafasi ya nane duniani. Tatizo tunaloliona hapa ni la umri wa miaka 13 hivi, wakati binti anapoanza kukatazwa kutoka Jumamosi kwa ajili ya kazi za nyumbani huku kaka yake akiruhusiwa. Tunawaomba wazazi watueleze mapema, kwa sababu mara nyingi kubadilisha saa ya mazoezi tu kunatosha.

Ni nyaraka gani zitayarishwe kabla ya safari?

Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, pasipoti kutoka Uhamiaji, ridhaa ya wazazi kwa maandishi ikiwa mtoto anasafiri na mwalimu, na viza pale inapotakiwa. Makundi ya umri hupangwa kwa kuangalia tarehe 1 Januari ya mwaka wa mashindano: aliyekwishatimiza miaka 10 kabla ya tarehe hiyo hawezi kucheza kundi la chini ya miaka 10. Usajili hufanywa na chama cha taifa, si na mzazi, kwa hiyo kuchelewa kuwasiliana nacho ndiko hupoteza nafasi nyingi.

Atakutana na nini katika mashindano yake ya kwanza ya nje?

Ukumbi wenye mamia ya watoto na ukimya ambao mtoto wa Kariakoo hajawahi kuusikia. Akigusa kete yake atalazimika kuicheza, na akigusa ya mpinzani atalazimika kuila ikiwa inawezekana. Kila hatua itaandikwa. Hatua isiyo halali ya kwanza humwongezea mpinzani dakika mbili, na ya pili humpotezea mchezo. Simu aiache nje ya ukumbi, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu akikutwa nayo bila idhini hupoteza mchezo hata kama alikuwa anakaribia kushinda. Akiwa na shaka yoyote asimamishe saa na ainue mkono kumwita mwamuzi. Watoto wetu hunyamaza kwa heshima ya wakubwa, na heshima hiyo imewahi kuwagharimu pointi zilizokuwa zao.

Huenda akashindwa michezo mitatu ya mwanzo. Mfumo wa Uswisi hupanga wenye pointi sawa wakutane, kwa hiyo kuanzia raundi ya nne atapata wapinzani wa kadiri yake na matokeo yatabadilika. Jioni apitie mchezo wa siku hiyo kwa muda usiozidi saa moja, ale, apige simu nyumbani, alale. Karatasi zote za hatua, za kushinda na za kushindwa, azirudishe klabuni Jumamosi inayofuata, kwa kuwa ndizo zitakazotumika kupanga mazoezi yake ya miezi mitatu.